Mwili haukupatikana ziwani. Je, mume wangu atafufuka?

SWALI: Shikamoo, Katekista. Mume wangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Mwaka jana dhoruba iliwakuta usiku. Wenzake waliokolewa, yeye hakuonekana mpaka leo. Sina hata kaburi la kupalilia. Sasa nabii mmoja wa mtaani kwetu anataka laki tatu ili aombe “kuitoa roho yake majini,” la sivyo hatafufuka. Ninaanika dagaa wa watu na nina watoto watatu. Je, ni kweli anayosema?
Mama wa Watatu, Igombe

JIBU: Marahaba, binti yangu. Pole sana.

Usimpe hata shilingi. Hiyo ni hela ya unga na madaftari ya watoto. Ufufuko hauna bei, na anayekutoza amekudhulumu ukiwa msibani.

Fungua Ufunuo 20:13: “Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake.” Haisemi waliozikwa tu. Mwaka 177, huko Lyon, Ufaransa, watesi waliichoma miili ya Wakristo waliouawa, wakamwaga majivu katika mto Rhône, wakijigamba kwamba sasa hawatafufuka. Kanisa linawaheshimu wafiadini hao mpaka leo. Basi angalia, nabii huyo anafundisha walichosema watesi.

Na sisi wa Mwanza tunalijua jambo hili. Meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, wengi walizikwa pale Igoma, na wengine ziwa halikuwarudisha. Tunawaombea wote kwa tumaini lile lile.

Kulia si kukosa imani. Paulo hakukataza huzuni. Alisema tusihuzunike kama wasio na matumaini (1 Wathesalonike 4:13). Yesu alimlilia Lazaro huku akijua anakwenda kumfufua.

Najua asubuhi zako zilivyo: umeinama juu ya dagaa, jicho moja kwenye mawingu, maana mvua ikiwakuta hawajakauka wananuka, na pale soko la samaki la Mwaloni hakuna atakayekupa bei. Soma Yohana 21 ukitoka huko. Bwana aliyefufuka aliwatokea wavuvi alfajiri, wamekesha bila kupata kitu. Alikuwa ameshawasha makaa, samaki yuko juu yake, na mkate. Aliwaambia waje wale. Mimi tumaini langu limeshika hapo: aliyeshinda mauti hakuona njaa ya wavuvi kuwa jambo dogo. Anaiona na ya wanao.

Nenda parokiani ukaombe Misa kwa ajili ya mume wako; kumwombea marehemu hakuhitaji mwili. Kama ukoo una eneo la makaburi, simikeni msalaba wenye jina lake, watoto wapate mahali pa kwenda Novemba 2, siku ya kuwaombea marehemu wote. Jumuiya yako iambie wazi kwamba chakula hakitoshi, usione aibu. Waambie pia habari za nabii huyo, maana wajane wa wavuvi ni wengi, na sidhani kama amebisha hodi kwako tu.