Kwa mtendaji mpya uliyepangiwa Mtwara

Ukisharipoti kwa Mkurugenzi na kupewa mtaa wako, uwe Shangani, Chikongola au kule Naliendele, utaambiwa usome sheria. Isome kweli. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 ndiyo inayoiongoza Manispaa, na ibara ya 145 na 146 za Katiba zinaeleza kwa nini serikali za mitaa zipo. Ila hakuna kifungu kitakachokwambia kwamba mwezi Novemba mtaa wako utakuwa nusu mtupu.

Novemba ni korosho. Watu wengi wa mjini hapa wana mikorosho yao Nanyamba, Tandahimba, Newala au pembezoni mwa mji wenyewe. Kuanzia Oktoba wanaondoka kwenda kuokota, kubangua si kazi yao, wao wanakausha, wanapeleka ghala la chama cha msingi, kisha wanasubiri mnada na malipo. Mzee anayeongea kwa busara kwenye mikutano yako hayupo. Mama anayejua kila nyumba inayoingiwa na maji hayupo. Na ndiyo miezi hiyohiyo afisa mipango anapodai vipaumbele vya kata.

Hesabu kwa kurudi nyuma utaelewa. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Bunge linajadili bajeti kuanzia Aprili. Kabla ya hapo mapendekezo ya Manispaa yanapita kamati ya ushauri ya wilaya na ya mkoa, na Baraza la Madiwani liwe limeshayapitisha, kwa kawaida Januari au Februari. Kamati za Baraza zinayachambua kabla ya Baraza, wataalamu wanayaandaa kabla ya kamati. Kwa hiyo kitu ambacho hakijafika mezani kwa afisa mipango kabla ya Desemba kuisha kitasubiri mwaka mwingine mzima.

Mgeni wa kazi anaitisha mkutano Novemba, akidi haitimii, anaona aibu kurudi mikono mitupu, basi anakaa na mwenyekiti wanachukua vipaumbele vya mwaka jana na kubadilisha tarehe. Utaratibu wetu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo umewekwa ili watu wenyewe waseme wanataka nini, halafu unaishia kwenye meza ya watu wawili. Mwaka unaofuata linajengwa darasa mahali ambapo watu walikuwa wanalia mtaro, na wewe ndiye utakayesimama mbele yao kueleza.

Itisha mkutano wa vipaumbele Agosti, au mwanzoni mwa Septemba. Hakuna anayekukataza kuwahi. Mwongozo wa bajeti ukitoka baadaye, Kamati ya Mtaa inakaa kuulinganisha na yale wananchi waliyokwisha kuyaazimia, na hiyo ni kamati ndogo, unaweza kuikusanya hata msimu ukiwa umechanganya. Kwa mitaa ya wavuvi, Mikindani na pale Shangani, angalia pia maji: usipange mkutano bila kumuuliza mvuvi siku za bamvu, maji yanapojaa na kupwa sana, zinaangukia lini, maana kina mama watakuwa wameshuka pwani na wanaume wana mambo yao baharini. Ijumaa mchana isahau kabisa. Baada ya alasiri ndiyo saa ya mikutano hapa, na ukipita asubuhi nyumba kwa nyumba kutoa taarifa, anza na shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri. Cheo chako hakiondoi shikamoo.

Sasa muhtasari. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mambo ya watu yanapopotelea, na wengi mnadhani ni kazi ya ukarani.

Jambo la mtaani linatoka kwenye mkutano wa wakazi, linapita Kamati ya Mtaa, linafika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile tunayoiita WDC, ambako Diwani ni mwenyekiti na Mtendaji wa Kata ni katibu. Kutoka hapo linakwenda kwa wataalamu wa Manispaa, linaingia kamati ya kudumu inayohusika, tuseme Mipango Miji na Mazingira, na likihitaji fedha linapita Fedha na Uongozi, kisha Baraza. Katika safari yote hiyo wewe hupo. Wananchi hawapo. Kilichopo ni karatasi yako. Mhandisi atakayeisoma hajawahi kufika uchochoro wenu, na Diwani atakayeulizwa swali hana jingine la kushika.

Nimeona mihutasari mingi iliyoandikwa hivi: "Wananchi walilalamikia tatizo la mtaro, mwenyekiti aliwaahidi kuwa litafanyiwa kazi." Sentensi hiyo haina pa kushikwa. Mtaro upi? Unaanzia wapi? Tatizo ni mchanga, ni takataka, au ni kwamba mtu amejenga ukuta juu yake? Nani aifanyie kazi? WDC ikiipokea itaandika "ilipokelewa", na safari imekwisha. Andika kwamba mkutano umeazimia kuomba kuzibuliwa mtaro kuanzia msikitini hadi barabara ya lami, kwamba mvua za Machi maji huingia nyumba kadhaa, zitaje idadi baada ya kuzihesabu kwa macho yako, kwamba wakazi watajitolea kuzoa mchanga na wanachoomba ni makaravati, na kwamba mwenyekiti atalifikisha WDC ya mwezi fulani. Azimio la namna hiyo Diwani akilisoma kwenye Baraza hatafuti maneno.

Na usiliweke kwenye Mengineyo, ile ajenda ya mwisho. Mengineyo ni saa ya watu kuangalia saa zao. Jambo zito lipewe ajenda yake lenyewe, lipate namba ya azimio, ili kikao kinachofuata lirudi lenyewe kwenye Yatokanayo, ajenda ya kufuatilia maazimio ya kikao kilichopita, hata kama kila mtu amelisahau. Yatokanayo ndiyo silaha pekee aliyonayo mtendaji mdogo. Huwezi kumfokea mkuu wa idara, lakini unaweza kuandika kikao kwa kikao, bila hasira, "utekelezaji: bado", na siku moja mtu mwenye mamlaka ataisoma hiyo "bado" kwa sauti.

Baraza lenyewe hukutana kila robo mwaka, na kabla ya kujadili taarifa za kamati, madiwani huwasilisha taarifa za kata. Taarifa hizo haandiki Diwani, anaandika Mtendaji wa Kata kwa kutegemea karatasi zenu za mitaa. Nenda ukasikilize angalau mara moja. Mikutano ya Baraza iko wazi kwa umma, unakaa nyuma kimya. Utamsikia Diwani akisoma sentensi uliyoiandika, na utajua papo hapo kama ilikuwa sentensi au kelele.

Mambo mengine ni mepesi, ila yanawaponza watu.

Jua kipi ni cha Manispaa na kipi si chake. Wananchi watakuletea kila kitu, na ni haki yao, wewe ndiye serikali wanayoiona. Lakini tangu 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Manispaa inaweza kupendekeza na kusukuma, mwenye mtambo ni mwingine. Maji ni MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye umeme, kwa hiyo anayekuja kulalamika kwamba anakatwa kwenye LUKU huku nyumba ni ya kupanga, mweleze kwanza makato hayo yanavyofanyika kabla ya kumpeleka dirisha lolote akapoteze siku. Nakala ya azimio lako ielekezwe kwa mwenye jambo, si kwa Mkurugenzi peke yake. Kata zetu 18 zote zikimwandikia Mkurugenzi kuhusu mashimo, kitu cha kwanza atakachofanya ni kuandika barua nyingine.

Mikopo ya asilimia 10 itakupa usingizi mbaya. Sheria tangu 2018 inailazimu halmashauri kutenga sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani, ukiondoa yale yaliyolindwa kwa matumizi maalumu, kwa ajili ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi, ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Kazi yako hapo inaonekana ndogo: kuthibitisha kwamba wanakikundi ni wakazi na shughuli yao ipo. Nenda ukaione shughuli. Wakisema wanauza samaki, waone wakiuza, Feri si mbali. Utaletewa kikundi cha watu ambao hawajuani majina, na aliyekileta atakuwa mtu mwenye sauti mtaani. Sahihi yako ikishawekwa, hakuna atakayekumbuka kwamba ulishinikizwa.

Fedha taslimu usishike. Ushuru wowote unaolipwa uwe na namba ya malipo ya serikali na stakabadhi ya mashine. Hili halina maelezo zaidi.

Sheria ndogo nazo zieleweke. Msimu wa korosho malori yanajaa mjini, yanaegesha mpaka kwenye milango ya watu, na wananchi watakwambia: tunga sheria, tupige faini. Mtaa hautungi sheria ndogo ya faini. Halmashauri inatunga, na hata yenyewe lazima itangaze rasimu watu watoe maoni na mapingamizi, Baraza lipitishe, Waziri mwenye dhamana aidhinishe, kisha ichapishwe kwenye Gazeti la Serikali. Ni safari ndefu. Mwenyekiti anayetoza elfu kumi barabarani kwa "makubaliano ya mtaa" anakuingiza matatani pamoja naye. Kabla ya kudai sheria mpya, uliza ofisi ya sheria kama ya zamani ipo, mara nyingi ipo na imelala.

Migogoro ya viwanja pia. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata kazi yake kwenye ardhi ni usuluhishi, halitoi hukumu tena. Ikishindikana ndani ya siku 30, wahusika wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wazee watakukumbusha zamani lilikuwa likiamua. Wasikilize, kisha waeleze taratibu, maana karatasi ya "hukumu" ya kata leo itamgharimu mtu nauli na machozi.

Kuhusu Mwenyekiti wa Mtaa na Diwani, kumbuka hawachaguliwi pamoja. Wenyeviti walichaguliwa Novemba 2019, kisha Novemba 2024, na madiwani mwaka unaofuatia kila mara. Kila kipindi kuna mwaka mmoja ambao mwenyekiti ni mpya na Diwani anahesabu siku zake, na mwaka huo ndio wa kuwa na karatasi zilizonyooka, kwa sababu kila mmoja atataka jambo liitwe lake. Wewe ni katibu. Liandike ni la mkutano.

Na mkikaa kuzungumzia mradi wowote mkubwa, msije na maneno nusu. Mji huu mwaka 2013 ulipitia vurugu za gesi, za kupinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, Januari na tena Mei, watu wakapoteza maisha na mali zikachomwa. Utasikia sababu nyingi kwa kutegemea unayemuuliza. Ninachokijua mimi ni kwamba watu wazima wa hapa wakisikia neno "mradi" kutoka kwa mtumishi wanaanza kwa kunyamaza, na mgeni hudhani ukimya ule ni kukubali. Subiri. Rudia swali kwa mtu mmojammoja baada ya mkutano, hasa kina mama, kisha itisha tena. Kama hujui fidia italipwa lini, sema hujui, na uandike kwenye muhtasari kwamba swali limeulizwa, limeelekezwa kwa nani, na jibu linatarajiwa kikao kipi.

Siku ukihamishwa, iwe Nachingwea au Bukoba, daftari la mihutasari linabaki ofisini. Ukabidhi kwa maandishi, kurasa zihesabiwe, na orodha ya maazimio ambayo hayajatekelezwa iwe juu kabisa.