Mume hana hata kipele, mimi nina herpesi. Nimeitoa wapi?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, huu ni mwaka wangu wa 5 kwenye ndoa. Mwezi uliopita nilitokwa na malengelenge sehemu za siri, na homa juu. Daktari alisema ni herpesi. Mume wangu hana dalili yoyote, basi ameshahukumu kwamba nimetoka nje ya ndoa. Wallahi sijatoka. Wifi yangu ananitetea, anasema nimeipata kwenye choo cha kazini au kwenye taulo. Nimeshatenga taulo na vikombe vyangu, na mwanangu wa miaka 2 simbusu tena. Nisaidie, nimeitoa wapi?*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na mtoto, maana yeye ndiye anayeadhibiwa bure. Mbebe, mbusu, lala naye. Malengelenge yako yako chini, na virusi hivi haviruki kutoka huko hadi kwenye shavu la mtoto. Unachotakiwa ni kunawa mikono kwa sabuni kila ukigusa kidonda, na usijiguse macho kabla ya kunawa. Anayepaswa kujizuia kubusu watoto ni mwenye vidonda vya mdomoni, tena akae mbali kabisa na kichanga wa wiki chache, kwa sababu kwa mtoto mchanga herpesi inaweza kuua.

Wifi yako ana moyo mzuri, lakini utetezi wake hausimami. Kirusi cha herpesi kinaishi mwilini mwa mtu. Kikitoka nje kikakutana na hewa na ukavu, hakidumu. Choo, bwawa la kuogelea, shuka na kikombe haviambukizi malengelenge ya sehemu za siri. Kinapita ngozi kwa ngozi: kwenye tendo la ndoa, na pia mdomo unapokutana na sehemu za siri. Kwa hiyo rudisha vikombe kabatini.

Sasa tufike kwa mumeo, maana hapa ndipo watu wanapovunja ndoa kwa kutojua. Yeye anahesabu hivi: sina kipele, kwa hiyo sina ugonjwa, kwa hiyo umeuleta wewe. Hesabu hiyo ni mbovu kuanzia mstari wa kwanza. Wengi wenye herpesi hawajui kama wanayo. Ama hawajawahi kuona chochote, ama waliona kijipele wakadhani ni fangasi, au wembe umewakwaruza. Na ngozi iliyo safi kabisa kwa macho inaweza kutoa virusi siku fulani na kumwambukiza mwenza.

Kuna la pili. Virusi hivi vikishaingia hujificha kwenye mishipa ya fahamu, na vinaweza kukaa kimya miaka mingi kabla ya kutoa lengelenge la kwanza. Inawezekana mumeo alikuwa navyo kabla hajakuoa. Inawezekana wewe ulikuwa navyo. Na kuna njia ambayo watu huona haya kuitaja: aina ya 1, ile inayoleta vidonda vya mdomoni, ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu theluthi mbili ya watu walio chini ya miaka 50 wanayo. Wengi waliipata utotoni, kwa busu la ndugu. Mume mwenye aina hiyo akitumia mdomo kitandani, mkewe anaweza kuota malengelenge chini bila yeyote kumsaliti mwenzake.

Sitakudanganya lakini. Hayo yote hayamsafishi mtu, kama yasivyokutia wewe hatiani. Mimi nakuamini. Ila lengelenge halina tarehe wala halitaji jina, na atakayekwambia kipimo cha damu kitaonyesha nani alianza anakuuzia uongo. Kinaonyesha tu kwamba mwili umeshakutana na kirusi, na hata hapo mara nyingine hukosea.

Nendeni hospitali pamoja. Muulizeni daktari kama yako ni aina ya 1 au ya 2, ile ambayo kwa kawaida hukaa sehemu za siri. Jibu la uhakika zaidi hutoka kwenye majimaji ya kidonda kibichi, kwa hiyo kama hukupimwa hivyo, wahi safari nyingine yakitoka. Aina ya 1 ikiwa sehemu za siri hurudi mara chache; ya 2 hurudi mara nyingi zaidi. Mumeo naye apime. Mkikutwa wote mna aina ileile, hofu ya kuambukizana imekwisha. Kama yeye hana, ukisikia mchonyoto au kuwashwa pale pale, acheni tendo mpaka ngozi ipone kabisa. Siku nyingine kondomu inasaidia, ingawa haifuniki ngozi yote. Ulizia pia vidonge vya kila siku, vya jamii ya asaiklovia. Haviondoi kirusi, lakini kwa wenye aina ya 2 utafiti ulionyesha vinapunguza uwezekano wa kumwambukiza mwenza kwa karibu nusu.

Pimeni na VVU siku hiyohiyo, kwa kuwa aina ya 2 huongeza hatari ya kuvipata. Na ukishika mimba, mwambie mkunga mapema. Ukiwa na vidonda wakati wa uchungu, wanaweza kuamua ujifungue kwa upasuaji ili mtoto asivipitie.