Re: Mausi inarukaruka juu ya meza ya kioo

Habari mkuu. Umesema kishale kinarukaruka ukitumia mausi kwenye meza ya kioo ila kwa tachipedi kiko freshi. Basi laptop ni nzima, usikimbilie kwa fundi. Mausi ya taa nyekundu ina kakamera chini, kanapiga picha za meza zaidi ya 1,000 kwa sekunde na kulinganisha moja na inayofuata ili kujua umesogea wapi, sasa kioo kitupu hakina alama za kushika ndo maana inapotea. Steshenari kwangu hapa Masasi nilihangaika hivyohivyo, nikatandika karatasi ya kawaida ikatulia palepale. Ikigoma igeuze uchungulie kile kitundu cha taa, niliwahi kukuta unywele mmoja tu umelala pale, nikautoa kwa pamba kavu.