Nenda kama mwalimu, si kama mtu anayejua Kiingereza

Mahojiano yangu ya kwanza ya kazi ya kufundisha Kiingereza Korea Kusini hayakumaliza dakika tano. Yule dada kwenye video alisifu matamshi yangu, kisha akauliza pasipoti yangu ni ya wapi. Kenya. Akanyamaza. Viza yao ya walimu wa lugha, E-2, kwa Kiingereza hupewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mimi nina shahada ya ualimu na miaka minane ya chaki. Kijana wa Ohio aliyesomea uhasibu ananipita kwa rangi ya jalada la pasipoti tu.

Nikaelekea Thailand, ambako orodha kama hiyo haipo; ndiyo maana Wafilipino wamejaa kwenye shule zao. Huko kosa lilikuwa langu. Wakala aliniambia, "Madam, wewe ingia na viza ya utalii, karatasi zitakufuata." Hazikunifuata. Nilifundisha wiki sita nikiogopa kila mgeni mwenye sare aliyepita getini. Mwishowe nikapanda basi la usiku kutoka Bangkok hadi Nong Khai, nikavuka daraja la Mekong kuingia Laos kutafuta viza halali kwenye ubalozi wa Thailand. Ofisa akapekua bahasha yangu karatasi moja moja. "Cheti cha tabia njema?" Kilikuwa Nakuru, ndani ya sanduku chini ya kitanda cha mama.

Kwa hiyo chukua viza ya Non-B, ile ya Thailand ya wanaokwenda kufanya kazi, kabla hujapanda ndege. Ubalozi wao uko Nairobi. Na usichanganye mambo: viza inakuingiza nchini, kibali cha kazi ndicho kinachokuruhusu kusimama darasani, na anayekiombea ni shule. Muulize mwajiri ni nani hasa anayefuatilia, na lini. Akijibu kwa mafumbo, mwache. (Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau.)

Nchi za Ghuba sitakaa sana. Viza yako imefungwa kwa mwajiri, basi soma mkataba mpaka mstari wa tiketi ya kurudi, na vyeti vigongwe mihuri Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozini ukiwa bado nyumbani.

Ningeanza upya, ningeanza na viza ya J-1 ya Marekani, ile ya walimu. Hawaulizi kama Kiingereza ulinyonya kwa mama. Wanauliza shahada, uzoefu usiopungua miaka miwili, na kama Kiingereza chako kinatosha darasani. Unapewa hadi miaka mitatu, na inaweza kuongezwa ifike mitano. Si njia ya kuhamia moja kwa moja, usidanganywe.

Kuna kipengele kimoja kinachowaangusha wengi: kwa kawaida wanataka uwe bado unafundisha unapoomba. Nimeona walimu wakiacha kazi kwanza "ili wajipange", kisha wanagundua mlango waliufunga wenyewe. Walio TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali Kenya, ndio hatarini zaidi, kwa sababu kutoroka kazi ni kosa la kinidhamu, na waajiri wa nje huomba barua ya mwajiri wako wa mwisho. Omba ruhusa kwa maandishi, subiri jibu, weka nakala. Mimi barua yangu imeombwa mara tatu mpaka sasa.