Kidani cha kundan: kigeuze kabla hujakinunua

Kidani changu cha kwanza cha kundan, usonara wa Kihindi wa dhahabu na mawe, kiliharibikia kwenye moto. Kishikizo kilikatika, nikakipeleka kwa sonara wa mtaani kwetu Mombasa, naye akakilehemu kama bangili nyingine yoyote. Mara lakiri, utomvu mgumu uliojazwa ndani, ikaanza kuchuruzika pembeni, nyeusi, ikinuka utomvu ulioungua, na jiwe moja la kijani likadondoka mezani. Fundi simlaumu. Sikumwambia ndani mna nini, maana hata mimi nilikuwa sijui.

Mafundi wa Jaipur na Bikaner, huko Rajasthan, huunda vijumba vyembamba vya dhahabu wakavijaza lakiri. Juu yake hukaa jiwe, chini yake kukiwa na karatasi nyembamba ya fedha ya kuurudisha mwanga. Kisha dhahabu safi, karibu karati 24, iliyofuliwa hadi ikalainika kama utepe, husindiliwa kwa kalamu ya chuma kulizunguka jiwe mpaka ijishike yenyewe, bila moto. Dhahabu hiyo ndiyo kundan.

Kwa hiyo ukifika Johari Bazaar, soko la masonara la Jaipur, usidanganyike na uso wa kidani. Kigeuze. Kilichotengenezwa kwa moyo kina meenakari mgongoni: maua na ndege wa rangi zilizochomewa kwenye dhahabu, nyekundu ya damu, kijani cha kasuku. Upande huo hulala kwenye ngozi, mvaaji peke yake ndiye ajuaye upo. Mimi hapo ndipo ninapopendea kazi hii.

Halafu uliza uzito wa dhahabu peke yake, uandikwe kwenye risiti. Mizani hupima lakiri na mawe pia, na siku ya kuuza utalipwa dhahabu tu. Usitegemee muhuri: India ilipolazimisha alama ya ubora wa dhahabu mwaka 2021, kundan na polki vilisamehewa. Polki ni almasi isiyochongwa. Vingi vinavyofanana nayo ni vioo, basi uliza waziwazi.

Nyumbani, marashi kwanza, kidani mwisho. Maji yakipenya, ile karatasi ya fedha hufifia na jiwe likapoteza nuru. Kihifadhi kwenye pamba, peke yake.

Wala usingoje harusi. Hereni za seti yangu ile zilinusurika, nazivaa kazini na shati jeupe, shingo tupu.