Kutia chumvi, kupiga chuku, fiksi, kukuza mambo: lipi utumie wapi

Mkuu umeuliza mtu akizidisha stori tumwambieje. Maneno yapo kibao ila uzito wake haulingani, ukichagua vibaya mnagombana bure.

"Kutia chumvi" ndo salama zaidi, maana unakubali jambo lenyewe lipo, ila kaliongezea. Kijiwe chetu cha kahawa hapa Mwanza kuna mzee alikuwa anasimulia sangara waliyemvua enzi zake, mara alikuwa na kilo 150, mara mtumbwi ulitaka kuzama, mara wakamburuta watu nane kumtoa majini, dogo mmoja akadakia "mzee acha fiksi bwana", yaani acha uongo. Aisee palichafuka. Mzee kaweka kikombe chini, anataka aombwe radhi, na alikuwa na haki kabisa kwa sababu sangara wa Ziwa Victoria anaweza kufika hata kilo 200, kwa hiyo kilo hazikuwa na tatizo, chumvi ilikuwa kwenye hao watu nane. Dogo angesema tu "mzee hapo kwenye watu nane chumvi imekolea" tungecheka wote stori ikaendelea.

Fiksi na kamba ni uongo kabisa, hamna cha kuzidisha hapo. Mtu anakwambia kwenye simu "nishafika Ubungo" na unasikia maji ya kuoga yanamwagika, huyo anakufunga kamba, mwambie tu kama ni rika lako. Mkubwa wako usithubutu.

Chuku wengi tumeisikia darasani kwenye tamathali za semi, vitabu vingine vinaandika mubalagha. Mtu akisema amelia mpaka machozi yamejaa ndoo hajakudanganya, anajua na wewe unajua, hiyo ni utamu wa lugha. Ila "anapiga chuku" kwenye maongezi ya kawaida ni lawama, karibu sawa na chumvi.

Sasa "kukuza mambo" kuwa nalo makini sana. Linatumika kosa dogo likifanywa kesi, lakini mtu akiwa tayari ana hasira halafu umwambie "mbona unakuza mambo" ndo umemwagia petroli, hasa shemeji yetu huko nyumbani 😂 Subiri apoe kwanza.

Kwenye maandishi ya kiofisi geuza tu sentensi, andika "taarifa hizo zimetiwa chumvi" au "zimekuzwa", hapo humtaji aliyetia na ujumbe umefika.

Sifa za kupitiliza nazo zina neno lake, kupamba. MC anampamba bwana harusi mpaka mwenyewe anaangalia chini, na hakuna anayelalamika maana kalipwa kwa kazi hiyo. Anayejipamba mwenyewe huyo anajimwambafai, neno la mtaani hilo, usije ukaliweka kwenye barua ya bosi.