Hadithi ya Mwanaidi na Bakari: kikwazo unacho mkononi, usikitupe

Mkuu, umeuliza hadithi yako inasimama wapi na inayumba wapi. Nakujibu kwa urefu kwa sababu ina kitu ambacho hadithi nyingi fupi za mapenzi za watu wazima hazina: wahusika waliokwishaishi, wenye cha kupoteza. Kwa ambao hawajaisoma: Mwanaidi, miaka 41, ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, na amefiwa na mume miezi mitatu iliyopita. Bakari, miaka 46, mvuvi wa Sahare na rafiki wa marehemu, humletea samaki kila Ijumaa. Ijumaa ya tatu anaingia ndani na kumposa. Deni la marehemu linataka kuuza nyumba, mjomba wa Muscat analilipa, wanaoana. Maneno kama 2,600.

Nianze na ule mtungo wa changu. Bakari anautundika kwenye kitasa, anabisha mara moja, anaondoka kabla mlango haujafunguliwa. Mwanaidi anauchukua na kukuta samaki wameshaparwa magamba na kutolewa matumbo. Hujaandika popote kwamba Bakari anampenda, ila msomaji keshajua: huyu mwanamume alikaa chini na kisu akiwa amechoka na bahari, akamwandalia samaki mwanamke ambaye hata uso wake hatauona. Hapo ndipo hadithi yako ilipo. Usiiguse hiyo aya hata kwa nukta.

Sasa udhaifu mkubwa, na unatokana na uzuri huohuo. Mwanaidi yuko kwenye eda, muda ambao mjane hukaa kabla ya kuruhusiwa kuolewa tena. Eda ya mjane asiye mjamzito ni miezi 4 na siku 10 kwa mwezi mwandamo, yaani siku 128 hivi. Wewe unampeleka Bakari ndani ya nyumba na kumposa wazi kwenye mwezi wa tatu, na Mwanaidi anampokea kavaa kikuba, kile kishada cha maua yanayonukia, na udi unafuka chumbani. Msomaji wa Tanga atafunga simu hapo. Mwenye eda hajipambi wala hajitii manukato, na kumposa kwa wazi hakuruhusiwi. Kinachoruhusiwa ni kudokeza. Nia yangu hapa si fiqhi, yaani sheria za dini, ni msuko wa hadithi. Ulikuwa na kikwazo kilichokamilika, chenye tarehe ya mwisho ambayo wote wawili wanaijua, ukakivunja bila kukiona. Halafu ukalazimika kutafuta kikwazo kingine, ndiyo maana deni limeingia kwa kishindo katikati ya hadithi.

Irudishe eda ifanye kazi. Siku 128 ni Ijumaa 18 za mtungo kitasani. Huna nafasi ya zote, chagua tatu. Ya kwanza samaki tu. Ya pili waongee mlango ukiwa katikati, Zuhura yule binti wa miaka 19 akiwa ukumbini (umemtaja mara moja halafu akapotea, mpe kazi). Ya tatu Bakari adokeze, na asizidishe: "Eda ikiisha, usisahau kunipasha habari." Aseme hilo, aende zake. Kisha siku ya kutoka eda, ndipo udi ufuke. Bakari ausikie akiwa uchochoroni, kabla hajafika kitasani. Udi huohuo ulioutapanya kwenye mwezi wa tatu, ukiuweka hapo, utabeba hamu yote ya miezi minne bila wewe kueleza chochote.

Mjomba wa Muscat mtoe kabisa. Bahati ikileta tatizo kwenye hadithi ya mapenzi, msomaji ataikubali. Ikiliondoa, anajiona kadanganywa, kwa sababu wapenzi hawakufanya lolote kustahili mwisho wao. Deni lenyewe ni zuri, ila umelikosea mdai. Badala ya mkopeshaji asiye na sura, mfanye Bakari ndiye anayedai: nusu ya bei ya mashine ya boti waliyonunua na marehemu. Mirathi haigawiwi kabla deni la maiti halijalipwa, kwa hiyo jambo haliwezi kufichwa. Litatajwa mbele ya ndugu. Hapo kila mtungo wa samaki unakuwa na maana mbili, na Mwanaidi hajui ashike ipi. Ni upendo, au mdai anachunga mali yake? Bakari akisamehe ataonekana anamnunua mjane, na asiposamehe ataonekana anambana. Mimi ningemwacha Mwanaidi alipe mwenyewe kwa cherehani. Ipange eda ianze Septemba, iishie Januari, shule zinapofunguliwa na sare zinashonwa usiku kucha. Akishamkabidhi Bakari shilingi ya mwisho, ndipo aseme ndiyo, na hiyo ndiyo itakuwa ya mtu huru.

Kwenye ndoa umewapeleka peke yao. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani yetu, nikahi inataka walii, yaani ndugu wa kiume anayemwozesha, hata kama mwanamke aliwahi kuolewa, ila huyo aliyewahi kuolewa lazima atamke ridhaa yake mwenyewe; kunyamaza kwake hakutoshi. Basi mlete kaka yake aje kumuuliza. Mistari mitano tu. Mwanamke aliyekaa kimya karibu hadithi nzima anatakiwa kusema kwa sauti. Nashangaa uliiacha.

Mtazamo. Tukio la kuposana linaanza kichwani mwa Mwanaidi, linarukia kwa Bakari, linarudi, linaruka tena. Ukimwonyesha msomaji mioyo yote miwili kwa pamoja, hana cha kubahatisha, na mapenzi ya mwanzoni ni kubahatisha. Baki na Mwanaidi mwanzo hadi mwisho. Bakari tumjue kwa mikono yake tu.

Mazungumzo ndiyo dhaifu kuliko yote. "Wewe ni pumzi yangu, siwezi kuishi bila wewe" si kauli ya mwanamke wa miaka 41 aliyekwisha kuzika mume na bado anaishi. Jaribu hivi:

"Shemeji, changu wa juzi walikuwa wadogo."
"Bahari ilichafuka."
"Basi ikichafuka usiende. Siku hiyo tutakula dagaa."

Hapo mwanamke keshampangia mtu chakula nyumbani kwake, na mwanamume amesikia.

Lile tembezi la Raskazone, ufukweni Tanga, mwezi mpevu, saa nne usiku, "mawimbi yakiwalowesha miguu ukutani". Mwezi ukiwa mpevu ni bamvu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na kwetu maji ya bamvu hujaa alfajiri na alasiri. Saa nne usiku yametoka mbali. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3, si kitu cha kutoonekana. Ama sogeza saa iwe alfajiri, ama, na hii ndiyo bora, washushe watembee pale palipokuwa na maji mchana, wameshaoana, hakuna wa kuwachungulia.

Chumbani umeandika aya mbili za "miili ikaungana" na "bahari ya mahaba". Hazichomi kwa sababu hazina mtu. Ukibadilisha majina zinaingia kwenye hadithi yoyote. Watu wazima hawahitaji uwatajie kila kiungo. Wape mwendo wa polepole na kitu cha kushika: vidole vya Bakari vina makovu ya mshipi, na anasita kugusa kanga mpya visije vikakwaruza nyuzi. Mwanaidi anavichukua anaviweka mwenyewe. Ishia hapo. Ukitaka kuendelea zaidi ya hapo kwa kuchapisha mtandaoni, kumbuka Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha ponografia, na hadithi yako haina haja ya kukaribia mpaka huo.

Maneno 300 ya mwanzo, bandari, mashamba ya mkonge, mapango ya Amboni, yafute yote. Anza na mlango kubishwa. Mkonge kama unaupenda, uwe kamba aliyotungia Bakari samaki.

Umri wa wote wawili utaje ndani ya aya mbili za kwanza. Sasa hivi wa Mwanaidi unajulikana karibu na mwisho, na kwa hadithi ya watu wazima hilo halifai. Ukimaliza, isome kwa sauti mazungumzo tu bila masimulizi, halafu uiweke hapa yote, si vipande.